Bi Shekha na Kinanda cha Betri

Bi Shekha binti Msellem alipoachwa na mume wa pili alirudi Malindi kwa kaka yake Saad, akapewa chumba cha uani, na watu wa mtaa wa Shela wakasema basi, huyu sasa ametua mizigo. Alikuwa na miaka thelathini na ushei, hana mtoto. Alikuwa mrefu, mpole wa maneno, mwenye mwendo wa haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni. Ndani ya nyumba ya kaka yake hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, hata siku aliyomwagikiwa na mafuta ya mahamri mkononi.

Saad alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Kila siku baada ya alasiri watoto walijaa ukumbini kwake na juzuu zao, na nyumba nzima ikavuma kama mzinga. Alikuwa mtu mwema, mkali kidogo, wa kupenda kila jambo likae mahali pake. Redio ilikuwamo kwa ajili ya habari na mawaidha. Muziki ukianza tu, mkono wake ulitangulia kuizima. Mkewe, Mahfudha, alizoea. Shekha naye akazoea.

Riziki yake Shekha aliipata jikoni kwa bibi mmoja wa Kitaliani, mtu mzima, aliyekaa peke yake katika nyumba ya makuti njia ya kwenda Kasuarina. Bibi huyo alikuwa na kinanda cha umeme, kidogo cha kuweka mapajani, chenye vitufe vya kuchagua ngoma: ukibonyeza hiki kinapiga rumba, ukibonyeza kile kinapiga mdundo wa kizungu wa kurukaruka. Baada ya chakula cha mchana alikuwa akikipiga amefumba macho, na siku hizo Shekha aliosha vyombo polepole. Mara moja bibi akafumbua macho, akamkuta amesimama mlangoni na sahani inachuruzika maji.

"Njoo," akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Kaa. Piga wewe."

Shekha akakaa, akapiga kwa kidole kimoja wimbo wa kubembelezea watoto. Bibi akacheka kwa furaha, akambonyezea rumba chini yake. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yao. Kazi ikiisha, wanakaa wawili, na Shekha, ambaye kwao hakuwahi kuimba mbele ya mtu, akaanza kuimba mbele ya mgeni asiyeelewa maneno. Pengine ndiyo sababu aliweza.

Mwaka wa themanini na nne yule bibi akaugua, wanawe wakaja kumchukua. Siku ya safari alimwekea Shekha kinanda mikononi, akamkunja vidole juu yake, akaingia garini bila kugeuka.

Sasa Shekha akawa na kitu cha thamani asichoweza kukipeleka nyumbani. Akakifunga kwa leso mbili kama mtoto mgonjwa, akaenda nacho moja kwa moja sokoni, kwa fundi wa redio aliyeitwa Kahindi.

Kahindi alikuwa Mgiriama wa Kakuyuni, kijana mnene mwenye kucheka kwa urahisi. Kibanda chake kilijaa redio zilizofunguliwa matumbo. Alikifungua kile kifurushi, akapiga mluzi.

"Hiki ni cha nani, Bi Shekha?"

"Ni cha mtu. Nataka kujua kama chaweza kutumia betri ya gari."

"Chaweza. Lakini huyo mtu atakipigia wapi?"

Kahindi akamtazama, akautazama mkono wake ulioshika ukingo wa kinanda usitake kuachia, akaelewa.

"Kwangu Kakuyuni nyumba ziko mbalimbali," akasema. "Jirani yangu wa karibu ni shamba la mikorosho. Na mke wangu yupo, hakuna atakayesema neno baya."

Ndivyo ilivyoanza. Kazi ya jikoni ilipokwisha Shekha alianza kupika kashata na achari za kuuza, na kashata zataka nazi, na nazi nzuri ziko Kakuyuni. Mara moja kwa juma alimuaga Mahfudha, akaenda akarudi kabla ya magharibi na kikapu cha nazi kichwani. Hakusema uongo. Nazi zilikuwako.

Kahindi alikuwa mtu wa kupenda vyombo kwa ajili yao wenyewe. Alichukua redio kaseti mbili mbovu akazifanya ziwe nzima. Katika ya kwanza alinasa kinanda na ngoma yake; kisha akaicheza hiyo huku Shekha akiimba, na ya pili ikanasa vyote pamoja. Ili mwangwi usiharibu, waliingia jikoni, chini ya lutsaga, ile dari ya kuwekea mahindi, wakatundika magunia ukutani. Moshi ulikuwa umeshazoea kuta zile, Shekha akaimba akikohoa. Sauti za kinanda zilimkera kwanza. Alisema zimesimama wima kama askari, na nyimbo anazozitaka yeye zapita katikati. Kahindi akatafuta mgongoni mwa chombo hadi akapata skrubu ndogo ya kupandisha na kuteremsha sauti, akaizungusha kidogo kidogo kwa kisu huku Shekha akisema, "Bado. Bado. Hapo! Usiiguse tena."

Kaseti ya kwanza waliinasa siku ya mawingu mazito. Zipporah, mkewe Kahindi, alikuwa ametoka kujifungua majuzi, amelala na mtoto nyumba kubwa. Shekha alikuwa katikati ya wimbo wa arusi wakati jogoo wa Zipporah, aliyedanganywa na giza la mawingu, alipopanda juu ya kinu nje ya mlango akawika kwa nguvu zake zote. Kahindi akashika kichwa. Shekha hakuacha. Ngoma ya kinanda ilikuwa ikienda, naye akamgeukia jogoo kwa wimbo uleule:

*Jogoo wacha kuwika, zamu haijakufika,*
*Mwenyewe apumzika, jua halijachomoka.*

Jogoo akawika tena, na kwa bahati ya Mungu akawika juu ya mdundo. Shekha akayarudia maneno yale huku akizuia kicheko, na kicheko hicho mtu aweza kukisikia kwenye kaseti mpaka leo, kama ipo nzima mahali.

"Tufute tuanze upya?" akauliza Kahindi walipomaliza.

"Ukifuta, sirudi hapa," akajibu Shekha.

Hapakuwa na haja ya kuitangaza. Kahindi aliicheza kibandani akijaribu redio za watu, na watu wakasimama. Dereva wa lori la korosho akataka nakala, mwuza samaki akataka, wasichana waliofua mashuka katika hoteli za Watamu wakamtuma mtu. Kaseti hazikuwa na jina wala picha, mtu alisema tu, "Nipe ile yenye jogoo." Baadaye wakasema "nipe Jogoo," na kundi likawa limepata jina bila kujibatiza. Hakuna aliyejua ni kina nani. Kahindi akiulizwa alisema kaseti imeletwa na msafiri.

Siku ya kaseti ya pili Zipporah alikuwa ameshapata nguvu. Alikaa mlangoni na mtoto mgongoni, akasikiliza ile ngoma ya mashine ikijirudia, akasonya.

"Hiyo ngoma yenu inacheza kama mtu asiye na magoti," akasema.

Akaingia ndani, akatoka na kayamba lake, akalitikisa juu ya mdundo wa mashine, kidogo mbele, kidogo nyuma. Kahindi na Shekha wakatazamana. Ngoma ilikuwa imepata magoti. Tangu siku hiyo walikuwa watatu, na ule mlio wa kayamba la Kigiriama juu ya kinanda cha Kitaliani na sauti ya Kiswahili ya Malindi hukuweza kuusikia kwa mtu mwingine yeyote pwani nzima.

Shekha aliimba mambo aliyoyaona. Aliimba wasichana wa Watamu wanaotandika vitanda vya watu wanaoamka saa sita. Aliimba mwaka wa ukame. Na wimbo uliopendwa na wanawake kuliko nyimbo zote ulikuwa wa mwanamke aliyeachwa:

*Sina mume sina kesi, nalala nikigeuka,*
*Kitanda changu chepesi, nakoroma nikitaka.*

Siku moja kulikuwa na arusi Mambrui, jamaa za Mahfudha, na Shekha alikwenda kusaidia kupakua pilau. Uani kwa wanawake wakaweka kaseti. Alisimama na sinia mkononi akawaona wanawake wenye heshima zao, wengine bibi za watu, wakijifunga leso viunoni na kuimba kwa sauti moja kwamba hawana mume hawana kesi, na waume zao wako ukumbi wa pili. Karibu yake walikuwa wakibishana.

"Huyu ni wa Unguja, sikiza anavyovuta."

"La, ni wa Mombasa, Mji wa Kale. Shoga yangu amjua mpaka nyumba."

"Ni Mngazija huyu, wallahi."

Shekha akapakua. Alituambia baadaye kwamba siku ile hakujua alikuwa na furaha au huzuni. Alihisi kama maiti aliyehudhuria matanga yake mwenyewe akakuta watu wanamsifu. Mahfudha, aliyekuwa upande wa pili wa sufuria, alimtazama kitambo, kisha akampa kitambaa.

"Jipanguse jasho, wifi," akasema.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka mwaka wa themanini na saba. Watu wa umri wetu wanaukumbuka mwaka ule. Nchi ilikuwa na chama kimoja, jogoo ndiye alama yake, na uchaguzi wa kupanga mlolongo ulikuwa unakaribia. Mtu alichunga anacheka nini na nani. Wimbo ulioimbwa kwa kuku wa Zipporah ukaanza kusikika vingine. Katika vibanda vya kahawa mtu akisema tu "zamu haijakufika," wenzake walitazama chini wakaguna. Mwisho vijana wa chama wakaja sokoni, wakapekua, wakavunja kaseti walizozipata, wakamkamata Kahindi mbele ya redio zake. Kutoka kwake walikwenda Kakuyuni wakachukua kinanda na zile mashine mbili. Kahindi akapelekwa kwa chifu, na chifu, asiyetaka mzigo, akampeleka ofisi ya tarafa.

Asubuhi ya pili Zipporah alipiga hodi nyumba ya Saad. Hakuwahi kufika pale. Saad ndiye aliyefungua.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu, mama. Wamtaka nani?"

"Namtaka Bi Shekha. Ni habari ya nazi."

Lakini mwanamke aliyelia njia nzima haitaji nazi kwa uso ule, na Saad si mjinga. Alimkaribisha, akamwita dada yake, akabaki amesimama. Zipporah alitazama sakafu. "Wamemchukua," akasema. "Wanasema ataje nani anaimba, naye amekataa. Wamempiga, dada."

Shekha akaketi juu ya ngazi ya ua. Mahfudha akatoka jikoni, akasimama nyuma yake. Shekha mwenyewe alisema kwamba hapo ngazini alipima mambo mawili, siri yake na Kahindi aliyefungwa, na hayakuchukua muda kupimika.

"Kaka," akasema, "nataka unipeleke ofisi ya tarafa. Kuna mtu amefungwa kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako? Umefanya nini?"

"Ile kaseti ya jogoo. Ni mimi ninayeimba."

Saad akatabasamu, kama mtu anavyomtabasamia mgonjwa wa homa. "Shekha, kaseti ile niliisikia. Niliwahi kumnyang'anya mwanafunzi wangu hapa hapa. Yule ni mwanamke wa Mombasa, watu wote wajua."

"Ni mimi, kaka."

"Haiwezekani."

"Basi twende. Kama si mimi, utarudi nyumbani umestarehe."

Saad akavaa kanzu safi na kofia. Njiani alikuwa akisema huku na huku kwamba ni fitina, kwamba ataiondoa, kwamba jina la baba yao halitachezewa. Shekha alitembea nyuma yake katika buibui, na Zipporah nyuma ya Shekha.

Bwana DO, mkuu wa tarafa, alikuwa Mkamba aliyeitwa Musyoka, mgeni katika tarafa, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Juu ya meza yake palikuwa na redio na kaseti moja. Kinanda kilisimamishwa pembeni kama mshtakiwa. Karani alikuwa akipiga taipu dirishani. Saad alisalimu, akajitambulisha, akaanza maneno yake ya fitina. Bwana DO akamsikiliza mpaka akachoka, akabonyeza redio.

Sauti ikajaa chumbani. Jogoo akawika.

"Huyu ni nani?" akauliza bwana DO.

"Ni mimi," akasema Shekha.

"Mama, huyu fundi amekaa ndani siku mbili, hataki kusema. Sasa wewe unakuja kusema ni wewe. Nitajuaje kama hujatumwa kumwokoa?" Akazima redio. "Imba."

Shekha hakuwahi kuimba mbele ya mwanamume ila Kahindi, na Kahindi kwake alikuwa kama sehemu ya mashine. Akageuka, akaelekeza uso ukutani, palipokuwa na ramani ya wilaya, akaanza. Zipporah, aliyekuwa mlangoni bila kayamba, akamshikia mdundo kwa kupiga viganja polepole. Shekha alikwenda ubeti wa kwanza, akaenda wa pili, akafika kwa jogoo. Taipu dirishani ilikuwa imenyamaza. Saad alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe juu ya magoti.

Alipomaliza, bwana DO aliichomoa kaseti redioni.

"Huyo mwenyewe anayepumzika," akauliza, "ni nani?"

"Ni huyu hapa," akajibu Shekha, akimwonyesha Zipporah. "Alikuwa amejifungua. Alikuwa amelala."

"Na jua halijachomoka, maana yake nini?"

"Kulikuwa na mawingu, bwana."

Karani akakohoa kuficha kicheko. Bwana DO hakucheka. "Na jogoo?"

"Jogoo alikuwa wangu," akasema Zipporah. "Tulimla Krismasi."

Hapo ndipo Saad aliposimama. Sauti yake haikuwa ile aliyoingia nayo.

"Bwana DO, mimi nilikuja kukuambia kwamba dada yangu amesingiziwa. Sasa nimesikia kwa masikio yangu kwamba hakusingiziwa. Mambo haya ya muziki mimi siyapendi, na sitasimama hapa niseme nayapenda. Lakini nimemlea tangu mama yetu afe, na uongo sikuwahi kuusikia kinywani mwake. Akikuambia jogoo ni jogoo, basi ni jogoo."

Bwana DO akageuza kaseti mkononi, upande huu, upande ule. Mwisho akamwambia karani amfungulie fundi. Akawaonya wasinase tena bila ruhusa, akasema vyombo vitabaki kwanza ofisini. Kaseti akaitia katika droo yake mwenyewe, si katika sanduku la ushahidi.

Kahindi akatoka jicho moja limevimba. Alipomwona Saad akajaribu kuficha shati lililochanika. Saad akamshika mkono, akamshukuru kwa sababu alinyamaza, na akamwomba wakae kwake wale kwanza kabla ya kurudi Kakuyuni. Njiani Saad na dada yake walitangulia mbele kidogo.

"Tangu lini?" akauliza.

"Mwaka wa tatu huu."

"Katika nyumba yangu?"

"La, kaka. Nyumbani kwako sikuimba hata siku moja. Nilikuheshimu."

"Hilo ndilo linaloniuma," akasema Saad. "Tunakula sinia moja kila siku, nami nimekaa nawe nisiijue sauti yako. Mtaa wote waijua. Mimi siijui."

Walipofika nyumbani Mahfudha alikuwa ameshatandika mkeka na chakula kiko tayari kwa watu wote, na hakuuliza kumekuwaje. Saad akamtazama mkewe.

"Wewe ulijua?"

"Tangu arusi ya Mambrui," akasema Mahfudha akipakua. "Ukienda msikitini huwa anaguna wimbo akikuna nazi. Ningekosaje kuijua?"

Si kila kitu kikawa chema baada ya hapo. Wazazi wawili watatu waliwaondoa watoto wao chuoni kwa Saad. Kwenye baraza mtu alimtupia neno, kwamba kwa mwalimu siku hizi kuna darasa la tarabu. Saad alimjibu, "Dada yangu ana mlango wake na mimi nina wangu, na yote miwili humtazama Mungu," akaendelea kunywa kahawa. Nyumbani alikaa kimya kwa muda mrefu. Hakumkataza Shekha neno, hakumruhusu neno, na Shekha alisema kimya kile kilikuwa kizito kuliko kukatazwa. Kisha siku moja, akipita uani na udhu wake, alimkuta dada yake ameinama juu ya mbuzi ya nazi, midomo imefungwa kabisa.

"Guna tu," akasema bila kusimama. "Nazi imekauka kwa huzuni."

Kinanda kilirudishwa baada ya uchaguzi kupita. Kahindi alikifungua kibandani mbele ya Shekha na Zipporah. Panya walikuwa wamezaa ndani, wamekata nyaya zote kutengeneza kitanda, na chumvi ya hewa ya pwani ilikuwa imekula kilichobaki. Alijaribu juma zima. Alitoa nyaya za redio tatu akakitilia. Kinanda kilitoa mlio mmoja mrefu, kama ng'ombe anayeita kwa mbali, kikanyamaza moja kwa moja.

"Basi," akasema Shekha. Alikifunika kwa leso. Hakulia pale; alilia chumbani kwake, na Mahfudha akakaa naye.

Kahindi hakupata raha tena sokoni Malindi. Akahamia Mariakani, ambako malori yanasimama na kila dereva ana redio inayotaka fundi, na Zipporah akabaki Kakuyuni na shamba. Wanawake wale wawili waliendelea kutembeleana. Nazi bado zilihitajika. Kahindi alikuja mwisho wa mwezi akasimulia kwamba kule barabarani kaseti bado zatembea, nakala ya nakala ya nakala, sauti imeingia mchanga lakini watu wazisikiliza.

Mwaka wa themanini na tisa akarudi na kinanda kingine, kipya, cha sauti mia moja. Wakaingia tena chini ya lutsaga, watatu. Kila mmoja alitaka iwe kama zamani, na haikuwa. Kinanda hiki hakikuwa na skrubu ya kuchezea, ngoma zake zilikuwa safi mno, na wao wenyewe walikuwa wameshajua kwamba kuna watu wanawasikiliza. Walipata nyimbo tatu, mbili nzuri. Kaseti ilipofika sokoni, Shekha alisimama makusudi karibu na kibanda kimoja. Mwenye kibanda aliisikiliza, akatikisa kichwa, akamwambia mteja, "Hawa wanaiga Jogoo, lakini hawamfikii." Shekha alimpelekea Zipporah habari hiyo hadi Kakuyuni, na walicheka mpaka Zipporah akaketi chini na jembe lake.

Hawakunasa tena. Lakini miezi michache baadaye watu wa Mambrui walikuwa na arusi, na mama wa bibi arusi alikuja mwenyewe nyumbani kwa Saad. Alisalimu, akanywa chai, akazunguka maneno kama ilivyo adabu, kisha akasema amesikia kwamba Bi Shekha anajua kuimba kidogo. Saad alikuwa pale. Akamwita dada yake, akaondoka ukumbini ili waseme wenyewe.

Shekha aliimba Mambrui uani kwa wanawake, uso wazi, Zipporah na kayamba kulia kwake, kinanda kipya juu ya meza ya kukunja. Mabibi wengine hawakusadiki kwamba ndiye yule wa kaseti. Walisema yule alikuwa kijana zaidi. Yeye hakubishana nao. Aliimba mpaka koo likakauka, akaletewa maji ya ndimu, akaendelea. Juma lililofuata walikuja watu wawili kutoka Watamu kumtaka, na kabla hajauliza lolote jingine aliwauliza kama kwao kuna kivuli cha kutosha, kwa kuwa kinanda hakipendi jua.